Siku Moja Jodhpur: Anzia Kilimani, Malizia Sokoni

Watu wetu wengi huenda India kwa shida maalumu. Yuko anayempeleka mzazi kutibiwa Delhi au Ahmedabad, yuko mwanafunzi aliyepata chuo Rajasthan au Gujarat, na yuko mfanyabiashara anayefuata vitambaa na mashine. Kazi ikiisha hubaki siku moja au mbili kabla ya ndege, na siku hizo mara nyingi humalizikia chumbani mbele ya televisheni. Inasikitisha, maana nauli kubwa ya kuvuka bahari umeshailipa. Kwa kiasi kisichozidi rupia 3,000, mbali na nauli ya treni, unaweza kuona mji mmoja wa jangwani ukala na kushiba. Mji ninaokupendekezea ni Jodhpur.

Jodhpur uko jimbo la Rajasthan, kaskazini magharibi mwa India, pembezoni mwa jangwa la Thar. Ulianzishwa mwaka 1459 na Rao Jodha, mtawala wa ukoo wa Rathore, na jina la mji limetokana na lake. Katikati yake limesimama jabali, juu ya jabali ipo ngome, na chini ya ngome umetandazwa mji wa kale wenye nyumba nyingi zilizopakwa rangi ya samawati. Hilo ndilo umbo la mji mzima, na ndilo linalopaswa kukupangia siku yako. Wageni wengi huanzia sokoni kwa kuwa ndiko hoteli ziliko, halafu saa sita, jua likiwa utosini, ndipo wanaanza kuupanda mlima. Wewe fanya kinyume. Panda bajaji (tuktuk kwa wasomaji wa Kenya) asubuhi hadi juu kabisa, kisha shuka kwa miguu taratibu mchana kucha, ule njiani, na jioni ikukute sokoni. Unalipa usafiri wa kupanda mara moja tu, na miguu haikulaumu.

Utafikaje? Kutoka Delhi ni kilomita 600 hivi. Ndege huchukua saa moja na robo hivi, na uwanja wa ndege uko kilomita tano tu kutoka mjini. Lakini mwenye siku moja namshauri treni ya usiku. Iko iitwayo Mandor Express, inayoondoka stesheni ya Delhi ya zamani usiku na kukufikisha Jodhpur asubuhi. Unalala njiani, kwa hiyo hulipii chumba. Daraja linaloandikwa 3A lina kiyoyozi na vitanda vya ngazi tatu, na nauli yake ni kama rupia 1,000 hadi 1,300. Daraja la SL, lisilo na kiyoyozi, halifiki nusu ya hapo. Anayetoka Ahmedabad ana treni ya mchana iitwayo Vande Bharat, iliyoanza mwaka 2023, ambayo humaliza safari kwa saa sita hivi. Tiketi huanza kuuzwa siku 60 kabla na hujaa haraka, basi usingoje siku ya mwisho. Ukiwa Delhi, stesheni ya New Delhi ina ofisi ya tiketi ya watalii wa kigeni ghorofa ya kwanza. Nenda na pasipoti yako mkononi.

Kuhusu karatasi za safari nitakuwa mfupi. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda wanaweza kuomba viza ya India kwa intaneti kabla ya kusafiri. Fanya hivyo kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, kwani zipo tovuti za madalali zinazofanana nayo na zinatoza mara kadhaa zaidi. Jambo la pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. India haina mzaha na hili. Anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya, Uganda na Kongo zikiwemo, bila cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya kuchanjwa. Hata kama unatoka Tanzania, chanja na ukibebe.

Hesabu ya fedha ni hii: rupia 100 ni kama shilingi 150 za Kenya, au shilingi 3,000 hivi za Tanzania. Bei zote ninazotaja humu nimezikadiria kwa juu kidogo ili zisije zikakubana. Wahindi siku hizi hulipana kwa simu, hata muuza chai ana msimbo wake umebandikwa ukutani, lakini mfumo huo umefungamana na akaunti za benki za huko. Mgeni wa siku moja abebe taslimu, na ziwe noti ndogo: za 10, 20, 50 na 100. Ukimpa mwenye bajaji noti ya 500, jibu lake utalijua kabla hajafungua mdomo.

Msimu? Nenda kati ya Novemba na Februari. Mchana huwa na jua zuri la kutembea na usiku ni baridi ya kuhitaji sweta. Oktoba na Machi bado panavumilika. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40, na hapo nasema wazi: usimpeleke mzee, mtoto mdogo wala mtu aliyetoka kutibiwa. Desemba na Januari ukungu wa Delhi huchelewesha treni, wakati mwingine kwa saa nyingi, basi usipange kuondoka Jodhpur usiku na kupanda ndege ya kimataifa asubuhi inayofuata. Acha siku moja katikati.

Haya, umeshuka stesheni. Kama una begi kubwa, stesheni ina chumba cha kuwekea mizigo kwa malipo madogo. Watakutaka uonyeshe tiketi ya treni, na begi liwe limefungwa kwa kufuli. Kisha tafuta kifungua kinywa.

Asubuhi ya Jodhpur ni kachori. Usitarajie kachori ya viazi ya Mombasa au Tanga. Hii ni andazi la mviringo lenye ganda gumu lililokaangwa polepole mpaka likawa kama biskuti, na ndani limejaa vitunguu vilivyopikwa na giligilani, bizari na pilipili. Huitwa pyaaz kachori. Muuzaji huibonyeza kwa kidole gumba, ganda linapasuka, mvuke unatoka, naye humimina humo ukwaju mtamu. Moja ni rupia 30 hadi 40, na mbili zinamtosha mtu mzima. Chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki ni rupia 15 au 20. Chagua duka lenye foleni ya wenyeji na karai linaloonekana. Chakula kilichotoka kwenye mafuta yanayochemka mbele ya macho yako ni salama kuliko saladi ya hoteli ya nyota nne, na huo ndio mwongozo wa siku nzima: kula cha moto, cha sasa hivi, kidogo kidogo. Maji kunywa ya chupa tu, lita moja rupia 20, na hakikisha kifuniko hakijafunguliwa. Barafu iache.

Sasa chukua bajaji. Mwambie akupeleke Rao Jodha Desert Rock Park, bustani ya mimea ya jangwani iliyo chini ya kuta za ngome. Kutoka stesheni nauli ya haki ni rupia 150 hadi 200. Elewaneni kabla hujakaa, au tumia programu ya Ola au Uber uone bei kwanza. Atakayekwambia kwamba ngome imefungwa leo na yeye anajua mahali pazuri zaidi, mshukuru na utafute mwingine. Ni papasi yule yule tunayemjua Zanzibar na Malindi, anakupeleka duka linalomlipa kamisheni.

Kwa nini uanzie bustanini wakati kila mtu anakimbilia ngome? Kwanza, hufunguliwa mapema, saa mbili asubuhi wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto, na ngome haifunguliwi kabla ya saa tatu. Pili, ina habari inayotuhusu. Eneo hili la hekta 70 lilikuwa limevamiwa na mti mmoja wa miiba uliotoka Amerika, ambao wenyeji huuita baavlia. Inasimuliwa kwamba mtawala wa Jodhpur alimwaga mbegu zake kutoka kwenye ndege miaka ya 1930 ili jangwa liote kijani. Ulikubali kuota, ukaua kila kitu kilichouzunguka. Mti huo msomaji wa Baringo, Garissa au Tana River anaufahamu vizuri sana: ni mathenge, ule ule unaong'oa meno ya mbuzi na kufunga njia za maji.

Mwaka 2006 wasimamizi wa ngome, wakiongozwa na mtaalamu wa miti Pradip Krishen, waliamua kuung'oa. Ukiukata unachipua tena, na mizizi yake imezama ndani ya mwamba. Wakawaita Khandwaliya, wachimba mawe wa jadi. Watu hawa hugonga jabali kwa nyundo, husikiliza mlio, na mlio ukiwaambia mwamba umelala vipi, huchimba hapo mpaka wapate shina la mizizi. Kila shimo walilochimba likajazwa udongo na kupandwa mmea wa asili wa jangwa. Leo utatembea kati ya vichaka vya jamii ya minyaa, nyasi na maua madogo, juu ya mawe ya volkeno yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 600. Kiingilio tenga rupia 100 hadi 200. Saa moja inatosha. Kama kwenu mathenge ni tatizo, ongea na waongozaji wa bustani, wamezoea kueleza walivyofanya.

Kutoka hapo tembea dakika chache hadi Jaswant Thada. Ni jengo la marumaru nyeupe lililojengwa mwaka 1899 na Maharaja Sardar Singh kumkumbuka baba yake, Jaswant Singh wa Pili. Marumaru ya kuta zake imechongwa nyembamba hivi kwamba jua la asubuhi hupenya, na ukiwa ndani unaona ukuta wenyewe unang'aa rangi ya asali. Vua viatu kabla ya kuingia. Rupia 50 hadi 100, nusu saa, basi. Uzuri mwingine wa mahali hapa ni kwamba ukigeuka nje unaiona ngome nzima kutoka ubavuni. Picha ya familia ipige hapa.

Ngome yenyewe inaitwa Mehrangarh, na ipo umbali wa kilomita moja hivi kwa barabara. Tiketi ya mgeni tenga rupia 600 hadi 800. Waulize kama kifaa cha kusikiliza maelezo kimo ndani ya bei. Kiswahili hakimo, lakini Kiingereza na Kifaransa vimo, na kinafaa sana kwa kuwa kinakueleza chumba kwa chumba bila kukuharakisha. Mwenye magoti mabovu au mgonjwa asikate tamaa: ipo lifti, kwa malipo madogo, inayompandisha mtu hadi juu, kisha anashuka kwa njia ya mteremko.

Njia ya kupanda hupita kwenye malango kadhaa, na malango hayo yana mengi ya kusema. La kwanza, Jai Pol, lilijengwa mwaka 1806 na Maharaja Man Singh baada ya kuyashinda majeshi ya Jaipur na Bikaner. Mbele kidogo utaona ukutani mashimo ya risasi za mizinga. Lango la mwisho, Loha Pol, limejaa misumari mikali ya chuma kuzuia tembo wa vita wasilisukume kwa vichwa, na njia imepindishwa ghafla hapo ili tembo asipate nafasi ya kukimbia. Angalia kushoto kwake. Kuna alama ndogo za viganja zilizochongwa kwenye jiwe na kupakwa rangi nyekundu. Ni za wake wa Man Singh, walioteketea kwenye moto wa maziko yake mwaka 1843. Viganja vingine ni vidogo kama vya msichana. Watu hupita hapo wakipiga picha na kucheka. Wewe simama kidogo.

Inasimuliwa pia kwamba mzee mtawa aliyeishi juu ya jabali hili alipofukuzwa ili ngome ijengwe, aliulaani mji upungukiwe maji, na ili kuiondoa laana hiyo mtu mmoja, Rajaram Meghwal, alikubali kuzikwa akiwa hai kwenye msingi. Kumbukumbu yake iko hapo ngomeni. Iwe ni kweli au la, habari ya maji itakufuata siku nzima, kwani katika mji huu maji ndiyo yaliyoamua kila kitu.

Ndani kuna ua baada ya ua, na vyumba vilivyogeuzwa makumbusho. Usijaribu kusoma kila kibao. Tazama viti vya kuwekwa mgongoni mwa tembo, machela za kubebea wake wa wafalme, silaha, na vyumba vitatu: Phool Mahal wenye dari la dhahabu, Sheesh Mahal wenye vioo vidogo ukutani, na Moti Mahal, baraza la wafalme. Mbele ya vitu vilivyonakshiwa kwa pembe za ndovu, kumbuka kwamba katika karne ya 19 sehemu kubwa ya pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara letu hadi Zanzibar zilisafirishwa Bombay, na nyingi zikaishia kuwa bangili za maharusi wa magharibi mwa India. Kisha toka nje kwenye kuta, uone mji wa samawati chini yako. Kwa ngome nzima weka saa mbili na nusu hadi tatu.

Mwishoni mwa ngome lipo hekalu la Chamunda. Sikukuu ya Navratri, ambayo huangukia Septemba au Oktoba, humwaga maelfu ya waumini kwenye njia hii nyembamba, na mwaka 2008 zaidi ya watu 200 walikufa katika msongamano. Ikiwa safari yako imeangukia siku hizo, hekalu liangalie kwa mbali.

Usirudi ulikoingilia. Uliza Fateh Pol, lango la upande wa pili, ambalo njia yake inateremka moja kwa moja kwenye mitaa ya Navchokiya na Brahmpuri. Hapo ndipo rangi ilipo. Hapo zamani samawati ilikuwa alama ya nyumba za Wabrahmini, tabaka la makuhani, kisha wengine nao wakaipaka. Hutengenezwa kwa chokaa iliyochanganywa na nili, na wenyeji husema inapoza nyumba na kufukuza wadudu. Ukiisogelea utaona si rangi moja: kuna ukuta uliopakwa mwaka huu, mkali kama kitenge kipya, na jirani yake uliopauka hadi kuwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Hizi ni nyumba za watu. Salimia "namaste" au, ukitaka kuwafurahisha, "khamma ghani", salamu ya Kimarwari, lugha yao wenyewe. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa mwanamke mlangoni pake. Kina mama, kanga mliyokuja nayo inafaa sana hapa: ni ya kujifunika mabega, ni ya kichwa juani, na ni ya kuingilia hekaluni.

Endelea kuteremka ukiulizia Toorji ka Jhalra. Wengi huliita tu "stepwell", nawe ukitamka hivyo utaeleweka. Ni kisima cha ngazi: shimo kubwa la mraba lililochimbwa ardhini, na pande zake zimejengwa ngazi ndogo za mawe mekundu, mamia kwa mamia, zinazoteremka zikipishana kama msuko wa ukili. Mantiki yake ni nyepesi. Mvua ikinyesha, maji hupanda na unachota ukiwa karibu na juu. Kiangazi kikikolea, maji hushuka na wewe unashuka nayo. Kilijengwa miaka ya 1740 na malkia, mke wa Maharaja Abhay Singh, kwani kuwachimbia watu visima ilikuwa desturi ya wanawake wa nyumba ya kifalme. Kwa miongo mingi kilifukiwa na taka, mpaka kiliposafishwa hivi karibuni. Hakuna kiingilio. Vijana hujirusha kutoka juu wakipiga mbizi. Wewe kaa ngazi ya juu, hazina kingo na zimelainika kwa miaka, na mtoto mshike mkono muda wote.

Sasa umechoka na una njaa ya kweli, saa nane au tisa hivi. Huu ndio wakati wa thali. Thali ni sinia la chuma lenye vibakuli vingi, na katika maeneo mengi mhudumu huendelea kukuongezea mpaka ufunike sinia kwa mkono. Bei ni rupia 250 hadi 400. Utakuta dal baati churma, chakula kikuu cha Rajasthan: baati ni donge gumu la ngano lililookwa, unalivunja, unalizamisha kwenye samli na kulila na mchuzi wa dengu mchanganyiko. Churma ni baati hiyo hiyo iliyopondwa na sukari. Utakuta gatte, vidonge vya unga wa dengu kwenye mchuzi wa mtindi, na mkate wa mawele wenye rangi ya kijivu, mzito, mtamu ukiwa wa moto.

Na utakuta ker sangri, ambao mgeni huudharau kwa sura, maana unafanana na vijiti vilivyokaushwa. Usiupite. Ker ni matunda madogo machachu ya kichaka cha jangwani, na sangri ni maganda membamba ya mti wa khejri. Vyote hukaushwa na hukaa mwaka mzima, hivyo ndivyo watu walivyopita miaka ya ukame. Khejri ni ndugu wa mathenge kwa ukoo lakini tabia zao ni mbali kabisa: huu unarutubisha shamba, majani yake ni lishe, kivuli chake ni cha kila mtu. Mwaka 1730, katika kijiji cha Khejarli kusini mwa Jodhpur, watu wa Abhay Singh walikuja kukata khejri ili wachome chokaa ya kujengea kasri. Mama mmoja wa jamii ya Wabishnoi, Amrita Devi, aliukumbatia mti wake akauawa, wengine wakafuata, na waliokufa wanahesabiwa 363. Mume wa malkia aliyechimba kisima ulichotoka kukiona ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha enzi siku hiyo. Kula sangri ukijua hivyo.

Vipi kuhusu nyama na halali? Sehemu nyingi mjini hazipiki nyama kabisa, na huandika "pure veg" mlangoni. Vyakula vya pakiti vina alama: nukta ya kijani ni visivyo na nyama, pembetatu ya kahawia ni vyenye nyama. Ng'ombe hachinjwi Rajasthan, kwa hiyo "mutton" huwa ni mbuzi. Chakula maarufu cha nyama ni laal maas, mbuzi aliyepikwa kwa pilipili nyekundu za Mathania, kijiji cha jirani. Ni rupia 400 hadi 600, na ni kikali. Muislamu aulize waziwazi kama ni halali. Wenyeji hawachukizwi na swali hilo, na mikahawa ya Waislamu ipo. Usiyeweza pilipili sema "mirchi kam", wapunguze.

Baada ya chakula ni dakika tano au kumi tu kwa miguu hadi Ghanta Ghar, mnara wa saa, na soko la Sardar linalouzunguka, vyote vya enzi za Sardar Singh yule wa marumaru. Langoni lipo duka la Shri Mishrilal, ambalo limeuza lasi tangu mwaka 1927. Lasi yao, makhaniya, hailiwi kwa mrija. Ni mtindi mzito wa rangi ya zafarani, una iliki, na juu umewekewa donge la siagi, unapewa kijiko. Rupia 60 hadi 80. Mtu mmoja aliyekula thali hawezi kuimaliza, agizeni moja mle wawili. Kwa anayependa vikali, mirchi bada ni pilipili kubwa ya kijani isiyo kali sana, imepasuliwa, ikajazwa viazi vilivyopondwa, ikachovywa kwenye unga wa dengu kama bajia na kukaangwa. Rupia 30. Na kwa nyumbani, chukua mawa kachori, yenye maziwa yaliyokaushwa na lozi ndani, iliyochovywa kwenye shira.

Manunuzi? Viungo vingi vinavyouzwa hapa kwa watalii kwa pakiti nzuri utavipata Kariakoo au Marikiti kwa bei nafuu. Nunua vitambaa vya bandhani, vinavyofungwa mafundo madogo kabla ya kutiwa rangi, na viatu vya ngozi viitwavyo mojari, jozi rupia 400 hadi 800. Bei ya kwanza gawanya kwa mbili, mazungumzo yaanzie hapo. Usiyetaka, sema "nahi chahiye" na utembee.

Kasri la Umaid Bhawan utaliona kwa mbali, upande wa pili wa mji. Lilianza kujengwa mwaka 1929 na kumalizika 1943, na sababu yake ilikuwa kuwapa watu kazi wakati wa njaa. Lina vyumba 347, sehemu ni makazi ya familia ya kifalme, sehemu hoteli ya Taj, na sehemu ndogo makumbusho ya kama rupia 100. Kama una siku moja, mimi ningeliacha. Bajaji ya kwenda na kurudi pamoja na muda vitakula jioni yako.

Jioni hiyo ipeleke darini. Nyumba nyingi kati ya kisima na mnara wa saa zina mikahawa juu ya paa, na saa kumi na mbili taa za ngome huwashwa. Agiza chakula mapema, jikoni zao ni za taratibu, na uombe bili pale pale kinapoletwa kama una treni ya usiku. Kutoka sokoni hadi stesheni ni kilomita mbili kasoro, bajaji rupia 80 hadi 100, lakini saa za jioni njia hizo hufungwa na pikipiki na ng'ombe, kwa hiyo toka saa nzima kabla ya muda ulioandikwa kwenye tiketi. Chukua begi lako kwenye chumba cha mizigo kwanza, nunua maji chupa mbili, ndipo uulizie namba ya jukwaa.